Ají dulce inakusumbua? Anza na dalili, kisha tafuta chanzo

Ají dulce ni pilipili ya Venezuela na visiwa vya Karibi. Ukiiona mara ya kwanza utaapa ni pilipili mbuzi: fupi, imekunjamana, inaanza kijani na kuiva nyekundu au rangi ya chungwa. Undugu wao ni wa kweli, maana zote mbili ni spishi ya Capsicum chinense, ile ile ya habanero. Tofauti ni kwamba ají dulce haina ukali, au ina chembe tu. Kwa kipimo cha Scoville, habanero kwa kawaida iko kati ya 100,000 na 350,000, wakati ají dulce nzuri haivuki 1,000 hivi. Ukali ukiondoka inabaki harufu ile nzito ya matunda ambayo kwenye pilipili mbuzi huwezi kuifaidi vizuri, kwa kuwa ulimi umeshaungua.

Venezuela, na hasa kisiwa cha Margarita, mchuzi wa maharage meusi bila ají dulce unaonekana haujakamilika, na kitoweo kinachojazwa ndani ya hallaca za Krismasi, yaani unga wa mahindi uliofungwa kwenye majani ya mgomba, hupikwa nayo. Puerto Rico inasagwa pamoja na vitunguu, saumu na jani liitwalo culantro kupata sofrito, na sofrito ndiyo msingi wa arroz con gandules, yaani wali wa mbaazi. Mpishi wa pwani yetu aliyezoea mbaazi za nazi hahitaji kubembelezwa kuujaribu. Cuba wanaiita ají cachucha, na Jamhuri ya Dominika ají gustoso. Aina hizi zinatofautiana kidogo umbo na harufu, lakini matatizo yake ni yale yale.

Nimeyapanga kwa dalili, na chini ya kila dalili chanzo kinachotokea zaidi kimetangulia. Anza na ukaguzi usiokugharimu kitu. Na tangu mwanzo shika hili: ají dulce ni kiungo, si mboga. Malalamiko mengi ya jikoni yanatokana na kuipika kama hoho, na mengi ya shambani yanaanzia kwenye mbegu.

"Niliambiwa haiwashi, mbona imetoka kali?"

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na ndilo linalowafanya watu waing'oe pilipili hii kabla hawajaijua. Tulichambue polepole.

Chanzo cha kwanza ni kwamba hiyo si ají dulce. Kwa macho huwezi kuitofautisha na jamaa zake wakali, na kwenye kapu la sokoni au pakiti ya mbegu zinachanganyika kirahisi. Hata huko Karibi, mpishi mwenye uzoefu hazitupi zote chunguni bila kuonja. Ukaguzi ni huu: pasua tunda katikati kwa urefu na utazame ule utando mweupe unaoshika mbegu. Ukali unatengenezwa humo, si kwenye mbegu kama wengi wanavyodhani. Gusisha ncha ya kisu kwenye utando, kisha ncha ya kisu kwenye ulimi. Ukisikia moto, weka tunda hilo pembeni. Ukionja ukuta wa tunda peke yake unaweza kudanganyika, kwa sababu tunda kali nalo huwa na kipande cha ncha kisichowasha sana. Fanya hivi kwa kila tunda linalotoka kwenye mche usioufahamu. Ukishaujua mche, onja tunda moja katika kila mchumo.

Chanzo cha pili ni mbegu iliyochanganyika kwa uchavushaji. Ua la pilipili hujichavusha lenyewe, lakini nyuki hawaulizi ruhusa, na kama jirani ana pilipili mbuzi au pilipili kichaa, chavua itavuka uzio. Hapa watu wengi wanakosea hesabu. Tunda lililo mtini leo halibadiliki kwa sababu ya chavua ya jirani. Ukuta wake na ule utando mweupe ni mwili wa mche mama. Kinachobadilika ni mbegu zilizomo ndani, na ukali utauona kwenye mti utakaoota kutokana na mbegu hizo. Kwa hiyo kama mche wako unazaa matunda makali tangu tunda la kwanza, usimlaumu jirani wa msimu huu. Kosa lilitendeka msimu uliopita, kwenye shamba la aliyekupa mbegu.

Tabia ya ukali ndiyo yenye nguvu katika urithi. Ají dulce ikichavushwa na pilipili kali halisi, watoto wote wa mwanzo watatoka wakali. Kama huna mbegu nyingine yoyote, bado kuna njia ya kuirudisha, ila inataka subira na nafasi. Chukua mbegu za mche huo chotara, panda miche mingi, kisha onja mmoja mmoja. Kwa kawaida karibu robo yao watakuwa hawana ukali. Katika hao, bakisha wale wenye harufu nzuri tu, funika maua yao na uendelee nao vizazi kadhaa. Kama unaweza kupata mbegu safi kwa mtu anayeaminika, ni bora zaidi.

Chanzo cha tatu ni ukali mdogo unaokuja na kuondoka, wa kuwasha koo kidogo tu. Huo mara nyingi ni wa asili yake, na baadhi ya familia za ají dulce zinao. Ukiona unaongezeka wakati wa jua kali na kiangazi, mwagilia kwa utaratibu na uweke matandazo, kisha onja mchumo unaofuata.

Cha mwisho, na watu hawakifikirii: kisu na ubao. Ukikata pilipili mbuzi halafu ukakata ají dulce kwenye ubao ule ule, umeipaka ukali kwa mkono wako. Osha kwa sabuni, kisha ukate tunda jingine na uonje upya kabla ya kuhukumu mti.

Kama sufuria imeshakuwa kali, toa vipande vyote vya pilipili unavyoweza kuvifikia. Ongeza tui zito la nazi, au maziwa, kwa kuwa dutu ya ukali inayeyuka kwenye mafuta wala si kwenye maji. Maji yanaeneza tu. Ongeza pia maharage, wali au viazi ili ukali ugawanyike. Sukari itakusaidia kuuvumilia ukali, lakini haiuondoi.

Simama hapa: ukali ukiingia machoni, usisugue. Suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, na kama maumivu au ukungu wa macho hauishi, nenda hospitali. Mtu akianza kuvimba midomo au uso, au kupumua kwa shida baada ya kula, hiyo si habari ya pilipili kali tena. Ni dharura, mpeleke hospitali hapo hapo.

Na ili tatizo lisirudi, hifadhi mbegu kwa akili. Ají dulce ni mbegu ya jadi: imefika leo kwa sababu familia moja baada ya nyingine ilichagua tunda zuri, ikakausha mbegu zake, ikapanda tena. Hakuna kampuni inayokutunzia usafi wake. Shona vifuko vidogo vya kitambaa cha shela, ufunike tawi lenye vitumba kabla ua halijafunguka. Kila asubuhi litikise tawi kidogo ili chavua iangukie ua lake lenyewe. Vitunda vikishashika, toa kifuko na ufunge uzi mwekundu kwenye vikonyo vyake, maana wiki tatu baadaye hutakumbuka ni vipi. Acha viive kabisa mtini mpaka vianze kulainika, ndipo utoe mbegu na kuzianika kivulini. Kama huwezi kufunika, pilipili nyingine zote ziwe mbali mita mia kadhaa, jambo ambalo kwenye viwanja vya mjini haliwezekani. Kwa hiyo shona vifuko.

"Nimeiweka, lakini chakula hakina harufu yoyote"

Kiasi ndicho cha kwanza kuangalia. Mtu anakata tunda moja au mawili, kama anavyokata hoho moja kubwa, anaweka kwenye sufuria ya watu sita. Tunda la ají dulce lina urefu wa sentimita 3 hadi 5 tu na ukuta wake ni mwembamba. Kwa sofrito ya kawaida anza na matunda 12 mpaka 15, vitunguu maji 2, hoho 1, kichwa kimoja cha saumu na fungu la culantro. Culantro usipoipata, tumia giligilani, ile ambayo Kenya tunaiita dania, na uweke nyingi zaidi pamoja na mashina yake, kwa kuwa culantro ina nguvu kuishinda.

Pili, moto. Harufu ya pilipili hii inapaa haraka. Ukiitupa kwenye mafuta yanayofuka moshi, jiko lote litanukia vizuri na sahani itabaki patupu. Pasha mafuta kwa moto wa wastani na uweke sofrito. Mwanzo utasikia mlio mzito wa maji yanayochemka. Koroga kwa mwiko bila haraka. Baada ya dakika tano hadi nane mlio unakuwa mwepesi na wa juu, mafuta yanajitenga pembeni mwa sufuria yakiwa na rangi, na ukivuta mwiko katikati njia inabaki wazi kwa sekunde moja hivi. Hapo ndipo nyama, mbaazi au mchele unaingia. Ukiingiza mapema, chakula kitakuwa na ladha ya kitunguu kibichi. Ukichelewa, umechoma ulichokuwa unakitafuta.

Kwa chakula kinachokaa motoni saa nzima au zaidi, kama maharage, gawanya pilipili mafungu mawili. Theluthi mbili ziingie mwanzoni, na theluthi iliyobaki ikatwe ndogo na kuingia dakika kumi kabla ya kuepua. Kwangu mimi hii ndiyo hatua inayobadilisha sufuria kuliko nyingine zote, na haiongezi gharama hata shilingi.

Tatu, tunda limechumwa changa mno. Ají dulce ya kijani inaliwa na wengi wanaipenda, lakini iwe imeshafikia ukubwa wake na ngozi inang'aa. Ukipasua changa utakuta mbegu laini na nyeupe kama maji, na harufu ya majani. Iliyokomaa ina mbegu ngumu za rangi ya krimu, na harufu inakufikia kabla hujainama. Iliyoiva nyekundu ina utamu zaidi na inafaa kitoweo cha nyama. Kwa samaki na sofrito napenda mchanganyiko, kijani nyingi na nyekundu chache.

Nne, mti umelishwa naitrojeni na maji kupita kiasi. Matunda yanakuwa makubwa, mazuri machoni, na ndani hayana kitu. Acha mbolea ya kukuzia mti ukishaanza maua, punguza maji kidogo wiki ya kuchuma, ulinganishe.

Mwisho, huenda ulichonunua ni vihoho vidogo vitamu vya kula vibichi. Hivyo ni vitamu kweli, vina ukuta mnene na sukari, lakini si spishi hii na harufu ile havina. Pasua, nusa. Kama kinanukia hoho, ni hoho.

Kama tatizo ni kwamba wali wa mbaazi hauna ile rangi ya dhahabu unayoiona kwenye picha, usiilaumu pilipili. Rangi hiyo inatoka kwenye mafuta yaliyochemshiwa mbegu za bixa, zile zile zinazolimwa Kwale.

"Sofrito imekuwa chungu"

Karibu kila mara ni saumu iliyoungua. Saumu iliyosagwa inashika chini haraka, na ikishakuwa kahawia uchungu wake hauondolewi na kitu. Onja sofrito mbichi iliyobaki kwenye bakuli. Kama mbichi si chungu na iliyopikwa ni chungu, jibu umelipata: punguza moto na anza upya. Usijaribu kuiokoa kwa nyanya, utapoteza na nyanya.

Kama hata mbichi ni chungu, tazama blenda. Ukisaga mpaka iwe uji laini unavunja mbegu na vikonyo, na chombo chenyewe kinapata joto. Toa vikonyo vyote na mbegu nyingi, kisha saga kwa kubonya na kuachia, mpaka ibaki na chembe kama za kachumbari iliyokatwa ndogo sana. Kinu na mchi vinafanya kazi hii vizuri kuliko mashine, ukiwa na mkono na muda.

"Imekuwa maji maji, na kesho yake imegeuka kijivu"

Maji yanatoka kwenye kitunguu na hoho, na mengine umeyaongeza mwenyewe ili blenda izunguke. Badala ya maji weka mafuta kidogo, au anza kusaga kitunguu peke yake kwanza, kinatoa maji ya kutosha kuzungusha vingine. Iliyokwisha kuwa maji, ichuje kwenye chujio la nazi, na ule mchuzi uliotoka pikia wali.

Kubadilika rangi ni majani yanayokutana na hewa. Ladha bado ipo. Jaza chupa mpaka juu, funika vizuri, weka kwenye friji mara moja.

Simama hapa: saumu mbichi iliyozama kwenye mafuta isikae nje ya friji. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na katika hali hiyo bakteria wa Clostridium botulinum wanaweza kutengeneza sumu isiyobadilisha harufu, rangi wala ladha. Kwenye friji tumia ndani ya siku 4, zaidi ya hapo gandisha. Chupa iliyosahaulika juu ya kabati, usiionje kuona kama imeharibika, itupe. Mtu akila chakula cha namna hiyo kisha akaona vitu viwili viwili, kope zikamlegea, au akapata shida ya kumeza na kuongea, apelekwe hospitali bila kusubiri kesho.

"Nimepanda mbegu, hazioti"

Mara nyingi hazijafa, zinasikia baridi. Jamii hii ni ya joto la bonde la Amazon na haina haraka. Inataka udongo wenye nyuzijoto 25 hadi 30, na hata hapo inaweza kuchukua wiki mbili mpaka nne. Mtu aliyezoea nyanya anakata tamaa siku ya kumi na kuumwaga udongo. Subiri. Kama uko Lushoto, Limuru au Njombe, weka trei jikoni au juu ya kabati yenye joto, na usiku ufunike kwa nailoni. Waliopo Ulaya au kaskazini mwa Marekani waanze ndani ya nyumba wiki nane hadi kumi kabla baridi haijaisha, la sivyo msimu utakwisha matunda yakiwa bado kijani.

Kina kikiwa kimezidi sentimita moja, mche unachoka njiani. Udongo ukiwa tope, mbegu inaoza. Bonyeza kwa kidole: uwe na unyevu, usitoe maji.

Kama unashuku mbegu ni za zamani, chukua kumi, zikunje kwenye karatasi ya tishu yenye unyevu, tia kwenye mfuko wa nailoni, weka mahali pa joto. Baada ya wiki tatu hesabu zilizochipua. Zikiwa chini ya nusu, panda nyingi zaidi au tafuta nyingine.

Zinaota kisha zinaanguka zikiwa zimekatika kwenye usawa wa udongo? Hiyo ni kinyausi, ukungu wa kitaluni. Iliyoanguka haiponi. Punguza maji, ongeza hewa, na mara nyingine tumia udongo mpya uliochomwa au kuchemshwa na trei iliyooshwa.

Kama unaagiza mbegu kutoka nje, usizifiche kwenye barua. Waulize wanaosimamia afya ya mimea, Kenya KEPHIS, Tanzania TPHPA, kuhusu kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea. Magonjwa ya pilipili yanasafiri ndani ya mbegu, na yakishaingia hayabaki kwenye shamba lako tu.

"Mti umestawi vizuri lakini maua yanapukutika"

Angalia hali ya hewa kwanza. Usiku ukishuka chini ya nyuzijoto 15, au mchana ukipanda juu ya 35, ua linaanguka bila kushika. Huna la kufanya juu ya anga, ila unaweza kuweka kivuli chepesi cha saa saba hadi saa tisa mchana, na nyanda za juu unaweza kupanda ukutani panapobaki na joto la jua. Hali ikitulia mti utarudia wenyewe, kwa kuwa unatoa maua mengi, mawili matatu na zaidi kwenye kila pingili.

Ya pili ni mbolea. Majani makubwa ya kijani kibichi sana, mti mrefu, matunda hakuna: umeweka urea au samadi mbichi kupita kiasi. Acha kuweka, mwagilia kawaida, subiri wiki mbili tatu.

Ya tatu ni maji yanayoruka, leo mafuriko, kesho kutwa ukame. Na kama mti uko ndani ya nyumba au kwenye neti isiyopitisha wadudu, utikise kila asubuhi.

Vumilia pia umri wake. Kuanzia kuhamishia shambani hadi matunda kuiva inaweza kufika miezi mitatu au minne.

"Majani mapya yanajikunja"

Geuza jani. Watu wengi wananunua dawa kabla ya kufanya hivyo. Ukiona vijidudu vya kijani au vyeusi vimejazana, kunata kama asali na sisimizi wanapanda, hao ni vidukari. Wapige kwa maji yenye nguvu, kisha nyunyiza maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chai kwa lita, jioni, ukirudia kila baada ya siku nne au tano. Jaribu kwenye jani moja kwanza.

Usipoona kitu, lakini majani ya juu yamekuwa membamba, magumu, yamejikunja kuelekea chini na nyuma yana rangi ya shaba, shuku utitiri. Ni wadogo mno kwa macho. Kata ncha zilizoathirika uzichome, kisha tumia salfa ya kunyunyizia kwa kipimo cha kwenye lebo, kamwe si wakati wa jua kali.

Majani yenye mabaka ya njano na kijani, mti umedumaa, na inzi weupe wanaruka ukiutikisa: hivyo ni virusi. Inzi wanauawa, virusi haviponi. Ng'oa mti huo mapema ili uokoe mingine, na usichukue mbegu zake.

Jani linalojikunja saa nane mchana na kunyooka jioni halina ugonjwa. Lina kiu au joto.

Simama hapa: kama umepiga dawa moja mara mbili bila mabadiliko, usiongeze ya tatu wala usichanganye. Chukua tawi, litie kwenye mfuko, mpelekee afisa ugani. Pilipili hii inachumwa kila wiki na kuliwa na ngozi yake, kwa hiyo siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo kabla ya kuvuna lazima ziheshimiwe. Dawa isiyo na lebo, iliyopimwa dukani na kutiwa kwenye chupa ya soda, usiinunue kabisa.

"Mti umenyauka ghafla ukiwa bado kijani"

Kama udongo ni mkavu, mwagilia na usubiri asubuhi. Kama una unyevu, kata shina karibu na ardhi, lining'inize kipande ndani ya glasi ya maji safi na utazame. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikianza kushuka ndani ya dakika chache, ni mnyauko bakteria. Hauna dawa. Ng'oa na mizizi, choma, osha jembe, na usipande hapo pilipili, nyanya, biringanya wala viazi mviringo kwa miaka mitatu au zaidi. Ukiwa na miti mingi inayofanya hivyo, mwite afisa ugani aje shambani. Sampuli peke yake haitoshi, anahitaji kuona maji yanakotokea.

"Matunda yana doa jeusi kitakoni"

Kwa kawaida ni kalsiamu kutofika kwenye tunda kwa sababu ya maji yasiyo na mpangilio. Toa yaliyoharibika, weka matandazo, mwagilia kwa ratiba. Doa likiwa ubavuni, limebonyea na lina miduara, hiyo ni chule, ukungu wa mvua. Chuma yote yenye madoa, toa nje ya shamba, na usimwagilie juu ya majani.

"Zimezaa nyingi, zinasinyaa kabla sijazitumia"

Ukuta mwembamba unapoteza maji haraka. Usizioshe kabla ya kuzihifadhi. Zitie kwenye mfuko wa karatasi ndani ya friji, zitakaa wiki moja na zaidi. Iliyosinyaa kidogo bado ni nzuri kwa kupikia. Yenye utelezi au ukungu ndani, tupa.

Kukausha juani kunawezekana, ila harufu unayoitunza inapotea sana njiani. Kugandisha ni bora. Toa kikonyo, gandisha nzima, na siku ya kupika uikate ikiwa bado na barafu, maana ikiyeyuka inalegea. Au tengeneza sofrito, ijaze kwenye trei ya vipande vya barafu, ikishaganda hamishia kwenye mfuko. Vipande vitatu au vinne vinatosha sufuria moja ya maharage.

Ukipenda achari, tumia siki yenye asidi ya asilimia 5, usiipunguze kwa maji zaidi ya nusu kwa nusu, na uiweke kwenye friji. Wanaotaka kuuza chupa za kukaa rafuni wasikisie: bidhaa ya namna hiyo lazima iwe na pH chini ya 4.6, na kipimo hicho kifanywe na maabara ya chakula kabla chupa ya kwanza haijatoka nyumbani.